Palizi ya Reli

Nakumbuka asubuhi moja ya kifuku, majira ya mvua, nilipolitupa jembe, nikajirusha ndani ya mahindi ya jirani na kulala kifudifudi kwenye tope, kwa sababu tu baba mkwe wangu alikuwa anakuja.

Cheka tu, mwanangu, nakuruhusu. Nami nikikumbuka nacheka mpaka mbavu zinauma. Lakini wakati ule sikucheka hata kidogo. Mimi ni wa Ileje, Mndali wa milimani, kule ambako ukidondosha boga mlangoni unaliokota bondeni. Kwetu binti akiolewa, baba mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kuliko mvua ya mawe. Hukutani naye uso kwa uso. Jina lake hulitamki. Ukimwona anakuja unaacha njia, unaingia majanini, unainama mpaka apite. Husemi naye, naye hasemi nawe. Si uadui huo, ni heshima, na mama yangu alinifunda hivyo hata kabla sijajua kusonga ugali.

Nilipoolewa huku Mbozi kwa Wanyiha walinishangaa kidogo. Wana heshima zao, lakini wao hawajirushi kwenye mahindi. Baba mkwe wangu, Mzee Halinga, jina nalitaja leo kwa ajili yako tu, alipoambiwa kwamba mke wa Lameki ana mila kali za kwao, alisema, "Mila ya mgeni ni mgeni pia. Ipeni kiti." Tangu siku hiyo akawa anakohoa kwa nguvu kila anapokaribia nyumba, ili nipate nafasi ya kutoweka. Watu wakadhani mzee ana kifua!

Sasa nikueleze nilikuwa nafanya nini pale, maana hapo ndipo penyewe.

Ile reli kubwa iendayo Zambia unaijua, hata kama hujawahi kuipanda. Wakati wa kuijenga zilitakiwa kokoto zisizo na idadi, na mlima wetu huu unaouona ukielekea Iyula ni jiwe tupu. Basi Wachina wakaja, vijana wa huku wakajiandikisha, wakajenga reli ya tawi kutoka machimboni mpaka inapoungana na ile kubwa. Watu wakaiita Tawi, na jina likabaki. Mzee Halinga alikuwa mmoja wa vijana wale. Maneno ya Kichina aliyojua ni yale ya kubebea taruma, kwa sababu taruma la zege, lile linalolazwa chini ya vyuma, halibebwi kimyakimya, lazima watu waitikiane ndipo linyanyuke. Hata uzeeni, akiinua gunia la mahindi, utamsikia anaguna Kichina.

Reli kubwa ilipokwisha, treni ya mawe iliendelea kushuka, halafu ikapungua, halafu ikawa ya kubahatisha, na mwisho ikakoma kabisa. Machimbo yakafungwa. Mimi niliolewa wakati huo wa ukimya. Nilikuta vyuma viwili vinalala kwenye kilima na hakuna kinachopita juu yake isipokuwa mbuzi.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sijaliona penginepo. Mzee Halinga na wenzake walioijenga Tawi waliigawa kwa vipande, kila nyumba na kipande chake, kama vile huku kila mtu anavyofyeka njia inayopita mlangoni pake. Mahindi yakishapaliliwa mara ya pili, watu hawapumziki. Wanatoka tena na majembe, wazee na wake zao na watoto, wanafanya palizi ya reli. Wanang'oa majani, wanazibua makalavati, wanarudisha kokoto zilizomomonyoka. Asiyetoka hatozwi faini, ila majani ya kipande chake yanamsema mwaka mzima, na kila mpita njia anayasikia.

Nami, bi harusi mpya, nikapewa jembe nikaonyeshwa kipande cha nyumba yetu.

Nikalima, nikamaliza, nikasimama nikatazama. Loo! Mwanangu, sisi Ileje tunalima kwenye kuta. Unapanda maharage huku mkono mmoja umeshika mti usiporomoke. Hapa mbele yangu kuna ukanda mrefu, tambarare, umepaliliwa ukang'aa, hauna mwenyewe, hauna kazi. Nikajiambia, hawa Wanyiha Mungu kawapa ardhi halafu akawanyima macho. Mama mkwe alikuwa Vwawa kumuuguza dada yake, kwa hiyo wa kunikataza hayupo. Nikachokoa kokoto katikati ya vyuma, nikajaza udongo na samadi, nikapanda maboga kipande kizima. Mume wangu Lameki aliona, akacheka, akapita zake. Alikuwa bado ananipenda kwa upofu.

Na maboga yalikubali! Yalitambaa juu ya reli, yakakumbatia mataruma, majani mapana kama sinia. Nikawa nachuma mboga kila jioni, najisifu moyoni kwamba nimewafundisha watu kazi.

Ndipo ikaja asubuhi ile. Niko relini nachuma majani ya maboga na kuchokoachokoa kwa jembe, nainua macho, Mzee Halinga huyo anashuka kwenye Tawi, anakagua vipande kama afanyavyo kila mwaka kifuku kikielekea kwisha. Siku hiyo hakukohoa, nadhani kwa sababu kile alichokuwa anakitazama kilimkausha koo. Nikajirusha kwenye mahindi.

Akafika penye maboga, akasimama. Alisimama muda mrefu mpaka nikaona afadhali anitukane. Halafu akajikunja taratibu, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya chuma.

"Reli," akasema, "hujambo?"

Nikashtuka. Nikasema mzee kapatwa na nini?

"Pole kwa mzigo. Naona umevikwa maboga. Si kosa lako, wala si kosa la aliyeyapanda. Aliyeyapanda ni mchapakazi, mboga zenyewe zinamshuhudia. Kwao hakuna tambarare, kwa hiyo akiona tambarare anaona shamba. Lakini mimi na wewe, reli, tunajuana. Nilikulaza hapa kwa mabega yangu. Hizi kokoto hazikumwagwa ovyo, ndizo zinazokushikilia usizame. Anayezichokoa anakuondolea mto chini ya kichwa. Siku treni ikirudi na mawe, ikifika hapa penye boga itaanguka, na dereva wake atakuwa mtoto wa mtu."

Akasogeza jani la boga pembeni.

"Wananiuliza, Halinga, treni haipiti, unapalilia nini? Nawajibu, njia haipaliliwi kwa ajili ya aliyekwisha kupita. Inapaliliwa kwa ajili ya anayekuja. Basi, reli, ukimwona mwenye maboga umwambie sina ugomvi naye. Mwambie yatastawi vizuri nyuma ya jiko, pale panapomwagwa majivu. Na umwambie atoke kwenye mahindi ya jirani, yana siafu."

Na siafu walikuwepo kweli, mwanangu! Walikwisha kunipanda mpaka mapajani, na mimi nimeng'ata kitambaa cha kichwani nisipige kelele. Mzee akainuka, akaondoka bila kung'oa hata mche mmoja. Aliniachia mwenyewe. Siku hiyo hiyo niliyahamishia maboga nyuma ya jiko, nikarudisha kokoto moja moja kwa mikono, nikizisafisha udongo kwa kanga yangu.

Wahenga walisema mkubwa hakosei kwa kuonya, anakosea kwa kunyamaza. Mzee yule mila ilimfunga mdomo, naye akatafuta tundu la kupitishia neno. Tangu hapo tukawa tunazungumza hivyo, yeye na mimi. Akiwa na jambo anaiambia reli, au kinu, au mbwa, mimi nasikia. Nami nikiwa na jambo namwambia mbwa. Mbwa wetu alijua siri nyingi za nyumba ile, maskini.

Usidhani tulikuwa tunapalilia mazoea tu. Barabara ya kwetu wakati wa kifuku ni tope la kumeza trekta. Tawi lilikuwa kavu, limeinuliwa, maji yanapita chini kwenye makalavati. Watoto walikwenda shule juu yake na viatu mkononi, wanavivaa wakifika. Pale machimboni kulikuwa kumeachwa toroli moja la magurudumu ya chuma, la kusukuma kwa mikono. Baadaye wazee waliomba ruhusa ya kulitumia, wakalipaka oili chafu ya magari, likafufuka. Likawa linashusha kahawa na mahindi mpaka kwenye maungano, karibu na barabara kuu, na kupandisha mbolea. Likawa linabeba na wagonjwa.

Lilinibeba na mimi. Uchungu wa mtoto wangu wa kwanza ulinishika mvua imekata barabara, na mtoto amekaa vibaya. Mkunga alinipapasa, akatoka nje akamwambia Lameki kwa sauti ambayo hakutaka niisikie, "Hospitali, la sivyo tunazika." Wakanilaza kwenye toroli juu ya magodoro, Lameki na binamu zake wakasukuma. Na unajua nani alitangulia mbele kuangalia njia, na kitambaa chekundu mkononi kama mtu wa reli kamili? Baba mkwe. Mvua inampiga, mimi nalia kwa sauti zote za dunia, naye hakugeuka hata mara moja kunitazama, kwa heshima yangu na ya kwetu. Nilikuwa naona mgongo wake tu. Mpaka leo nikisikia neno baba, mgongo ule ndio unaonijia.

Tulifika kwenye maungano, tukapata gari, tukafika hospitali. Tumaini akazaliwa analia kwa hasira, na mimi nikapona. Mzee aliporudi aliiambia reli neno moja, "Asante." Aliyekuwa karibu ndiye aliyenisimulia.

Alikufa hajaiona treni ikirudi. Hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo, sifichi. Alipozidiwa alituma niitwe. Nikaingia nikasimama karibu na mlango, uso ukutani, kama inavyotakiwa. Akasema nisogee. Nikasogea. Akaniambia mimi mwenyewe, bila reli, bila mbwa, "Mwanangu, kipande." Basi. Hakuniita mkamwana, aliniita mwanangu. Nikajibu, "Ndiyo, baba." Ndiyo maneno pekee tuliyowahi kuambiana ana kwa ana katika maisha yetu.

Tangu hapo sikuwa napalilia kipande tu, nilikuwa natunza neno la mtu. Na miaka ilikwenda. Lameki naye akatangulia. Wale wazee walioijenga Tawi wakaisha mmoja mmoja, watoto wao wakachoka, na baadhi ya vipande vikaanza kuota majani marefu. Vijana wakawa wanatutania sisi tuliobaki. "Bibi, mnapalilia kaburi?" Nami nawajibu, "Ndiyo, na lako lipo hapo kando, njoo ulipime." Ulimi wangu haujawahi kulala njaa.

Kisha chuma kikapanda thamani.

Akaja mnunuzi wa skrepa kutoka Tunduma, na gari zuri na maneno matamu ya pande zote mbili za mpaka. Alinikuta relini na jembe langu. "Mulishani bamayo," akaniamkia Kibemba, halafu akaongeza shikamoo, akijua wazee tunapenda kuamkiwa. Akaniambia mama unajichosha bure, hii reli imekufa, na chuma kilichokufa ni skrepa. Maneno hayo akayapeleka kijiweni kwa vijana, na huko yakaota mizizi. Kwanza zikaanza kupotea zile kabari ndogo zinazoshikilia reli kwenye mataruma. Huku moja, kule nyingine. Bandu bandu huisha gogo. Halafu likatoka wazo la kung'oa yote, watu wagawane.

Na nani alikuwa kinara wa vijana? Gidioni, mkwe wangu, mume wa Tumaini. Kijana hodari, mpole, anampenda mwanangu, wala simsingizii ubaya. Hana kazi, bodaboda yake imekufa injini, watoto wanataka kula. Njaa haina adabu. Lakini uone nilivyonaswa, mwanangu: huyo ni mkwe wangu. Mama mkwe wa Kindali hamkemei mkwewe wa kiume mbele ya watu. Hata kumwita jina usoni pake siwezi. Mtu pekee niliyetakiwa kumzuia ndiye pekee nisiyeweza kumsemesha.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano pale pale relini. Mnunuzi alikuja na mafundi wake na mitungi ya gesi ya kukatia chuma, imepangwa kwenye gari, tayari. Mwenyekiti alisema kwa unyonge kwamba mali ni ya serikali na yeye anaogopa. Mnunuzi akacheka, akasema serikali imeshaisahau, wangeitaka wangekuja. Vijana wakapiga makofi. Gidioni akasema, kwa adabu lakini kwa sauti, "Wazee wetu wamefanya kazi nzuri, lakini reli mfu hailishi mtu. Tupige kura." Mikono ikaanza kuchezacheza kutaka kwenda juu.

Nilijua wakiinua mikono, kabla ya jua kuzama hakuna Tawi. Nikasimama, nikapita katikati yao, nikawapa mgongo wote. Nikachuchumaa. Nikaweka kiganja juu ya chuma.

"Reli," nikasema, "hujambo? Naambiwa umekufa. Mbona hunuki?"

Watu wakaangua kicheko. Nikangoja kikaisha.

"Mimi nimezika wengi, sijaona maiti anayebeba wagonjwa. Kifuku hiki hiki umeshusha kahawa ya watu hawa. Leo asubuhi watoto wao wamekwenda shule juu yako. Kama huko ndiko kufa, na mimi Mungu anipe kifo cha namna hiyo. Sasa nisikilize, reli. Kuna kijana mmoja yupo hapa. Simtaji, namheshimu mno. Ni kijana mwema, na mahari alitoa bila kutusumbua. Yeye ana mke. Wewe muulize, huyo mke alifikaje duniani? Barabara imekatika, mtoto amekaa vibaya, mkunga anasema tunazika. Nani alitubeba, mimi na yeye tumboni mwangu? Si wewe? Leo anataka akukate, akupakie kwenye lori, wakupime kwenye mizani kama mbuzi wa mnada. Haya, sawa. Ila muulize, mabinti zake wakikua, uchungu ukiwashika mvua inanyesha, atawalaza juu ya hela awasukume?"

Nikabaki pale pale, kiganja juu ya chuma.

Kila mtu anajua ninayemsema, na kila mtu anajua hawezi kunijibu, maana mila inamfunga na yeye. Nilisikia hatua zinakuja kwenye kokoto. Gidioni akavua kofia, akachuchumaa kwenye reli ile ile, mbali kidogo, mgongo wake kwangu. Akaweka kiganja.

"Reli," akasema, "mwambie mama nimesikia. Mwambie kile kipande cha chini ambacho wenyewe wamehama, kuanzia leo ni changu."

We! Vigelegele vilivyopigwa siku ile! Wanawake waliruka, wazee walipigana mabega, Tumaini alilia waziwazi na mtoto mgongoni. Mnunuzi alishika kichwa. "Hawa watu wanaongea na vyuma!" akawaambia mafundi wake, akaondoka na mitungi yake ya gesi na Kibemba chake. Kesho yake kabari nyingi zilizopotea zilikutwa zimelundikwa mlangoni pa mwenyekiti. Hatukuuliza nani kazileta. Mtu akirudisha, mwache apite.

Palizi kama ya mwaka ule haijawahi kutokea. Vijana waliingia relini kwa muziki, na simu zao na mizaha yao, wakashindana vipande. Gidioni alikuwa mbele yao wote. Hatusemeshani mpaka leo, yeye na mimi, ila tunaelewana kuliko watu wengi wanaosemeshana.

Haikupita miaka mingi, wakaja mafundi wa reli wenyewe. Reli kubwa ilikuwa inatengenezwa upya, kokoto zinatakiwa tena, na walikuwa wanazunguka kutazama machimbo ya zamani. Mkubwa wao alikuwa binti, mhandisi, amevaa kofia ngumu na viatu vizito. Alipanda Tawi kwa miguu kutoka kwenye maungano mpaka mlimani. Alipofika kwetu alikuwa anatokwa jasho na amekasirika, au mimi nilidhani amekasirika.

"Mama, shikamoo. Nani anaitunza hii reli?"

"Marahaba, mwanangu. Sisi."

"Nyinyi nani? Mnalipwa na nani?"

"Sisi wenye vipande," nikamwambia. "Hakuna anayetulipa."

Akaniangalia, akaangalia reli, akakaa juu yake kama mtu aliyeambiwa habari kubwa. Alisema kila alikopita tawi kama hili limeliwa na watu au na msitu, na alipanda huku akitaka tu kuthibitisha kwamba halifai, aende zake. Sasa hajui aandike nini. Nikamwambia aandike kwamba kuna uji wa ulezi kwangu, kisha ayaandike mengine akishashiba. Alikuja, akanywa, akaomba tena.

Na treni ikaja, mwanangu!

Ilikuja mchana kweupe, jua linawaka, baada ya mafundi kuikaza reli yote na kubadilisha palipochoka. Tarumbeta za kanisa zilitoka Mbozi Mission, shati nyeupe, shaba inameta. Iyula nzima ilihamia kwetu. Tulisikia honi kabla ya kuiona, na watoto ambao hawajawahi kuona treni wakakimbilia kwa mama zao, halafu wakakimbia kuifuata. Gidioni alitangulia mbele yake na bendera nyekundu, sasa ni mtu wa genge la reli, ameajiriwa, na mwendo wake ulikuwa wa mfalme.

Mimi nilisimama kwenye kipande changu. Kichwa cha treni kilipokaribia pale nilipopanda maboga, nilirudi hatua moja nyuma. Nilikuwa na hofu ya kitoto kabisa. Nikaona magurudumu yanafika, yanapanda, kokoto zinalia chini, na reli haikutikisika. Imetulia tuli! Likapita behewa, likapita jingine. Nikapiga kigelegele ambacho sikujua kama bado ninacho, nikalia, nikacheza na tarumbeta mpaka kitambaa kikanivuka. Nilitamani Mzee Halinga awepo. Nilitamani sana. Lakini furaha niliyokuwa nayo ilikuwa yake pia, niliifurahia kwa niaba yake, nikaona imetosha kwa wawili.

Sasa hivi treni inashusha mawe, na tuliomba, tukakubaliwa, behewa moja la mizigo yetu. Kahawa yetu, mahindi yetu, na haya maparachichi ambayo vijana wanayalima, vyote vinashuka kavu hata mvua ikinyesha vipi. Mbolea inapanda. Toroli bado lipo, linabeba wagonjwa kwa utaratibu wa watu wa reli, na genge lina vijana wetu. Jana mmoja wao aliniambia, "Bibi, pumzika sasa, sisi tunalipwa kupalilia." Nikamwambia, "Wewe palilia mshahara wako, mimi napalilia kipande changu." Akacheka, akanisogelea na jembe lake, tukamaliza pamoja.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu, na nakueleza waziwazi kwa kuwa kati yangu na wewe hakuna mila ya kunizuia. Watakuja watu na mizani wakuambie kitu cha wazee wako kimekufa. Inaweza kuwa reli, au lugha ya nyumbani, au kisima, au undugu wenyewe. Kabla hujainua mkono, uliza nani amebebwa nacho, maana mara nyingi utakuta ni wewe. Cha wote si cha mtu mwingine, ni chako na cha mwenzako. Usingoje treni ndipo ushike jembe, maana treni haiji penye majani. Usijidharau kwa kuwa kipande chako ni kifupi, hata Tawi zima lilitunzwa kwa vifupi vifupi. Na ukitakiwa kumwonya mtu, tafuta njia ya kumwonya inayomwachia mahali pa kusimama, kwa sababu aliyeaibishwa hukimbia, na aliyeheshimiwa hurudi na jembe.

Mungu wa wazee wetu akupe kipande chako, akupe jembe kali na mgongo usiochoka. Akujalie umri mrefu, usimame kando ya njia uliyoipalilia kwa mikono yako, uwaone wanaopita, na uwe bado na pumzi ya kuwapigia vigelegele.